Sauti Iliyomsomesha

Ukimkuta asubuhi karakanani, utamwona amesimama mbele ya umbo la jasi lililobanwa kwenye jiliwa, macho ameyafumba nusu, viganja vyake vikipita juu yake polepole kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Ni nakala ya mguu uliokatwa chini ya goti. Hapa anakwangua kidogo kwa tupa, pale anaongeza jasi, mpaka aridhike kwamba mguu hautambana mwenyewe wala hautampwaya. Wanafunzi wake hutanguliza kipimo. Yeye naye hupima, lakini baada ya mikono kumaliza kusema.

Ni mkuu wa karakana ya miguu bandia katika hospitali kubwa, na chuoni ni mwalimu. Ana shahada. Inaning'inia ukutani ofisini, na akikuomba umsomee kilichoandikwa pale, usidhani anajisifu. Maandishi yale yaliyopambwa kwa mikia na mapindo hajawahi kuyafikisha mwisho.

Barua zake husomwa na simu. Anaielekeza kamera kwenye karatasi, na sauti ya kike inaanza: safi, imenyooka, haikohoi wala haipigi miayo. Wafanyakazi wamezoea. Fundi viatu wa karakana, ambaye ni mtani wake wa siku nyingi, hakosi la kusema.

"Mkuu, huyo mke wa kwenye simu hachoki?"

"Hachoki, hanuni, wala haombi nauli."

"Basi niulizie kama ana mdogo wake."

Karakana nzima hucheka, naye hucheka nao. Kisha hubaki ameishika simu mkononi hata baada ya sauti kunyamaza, kwa sababu inamkumbusha nyingine. Na hiyo nyingine ingali hai, upande wa pili wa mji, nyuma ya cherehani. Ni sauti ya dada yake.

Hawajagombana. Wanatembeleana, wanaulizana hali za watoto, wakiuguliwa wanaitana. Ila dada yake, ambaye zamani alikuwa hawezi kumwona bila kummwagia habari za mtaa mzima, siku hizi humjibu alichouliza, kisha hunyamaza kwa upole na kungoja swali linalofuata. Hakuna kitu anachokitamani kama kumsikia dada yake akimpigia soga tena, ovyo ovyo, bila kuulizwa. Na anajua ni nani aliyeifunga sauti ile.

Yeye mwenyewe utotoni walimwita Kinyume. Jina hilo alilipata ubaoni, siku alipoandika jina lake na darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu nusu ya herufi zilikuwa zimempa mgongo msomaji. Yeye alizitazama na hakuona kosa. Herufi kwake zilikuwa kama kuku waliomwagwa kutoka kwenye tenga: ukimkamata mmoja, wengine wamekwisha kuhama. Neno alilohangaika nalo mstari wa juu, akilikuta mstari wa chini lilikuwa geni kabisa, kama hawajawahi kuonana.

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na mtindo wake. Anayesimama kusoma haketi mpaka aya iishe. Kinyume alisimama. Wenzake walichora, walisinzia, walirushiana vipande vya chaki, kengele ya mapumziko ikalia wakatoka, na yeye bado amesimama na kitabu chake, kidole kikiwa kwenye neno lile lile.

"Huna ugonjwa wowote wewe," mwalimu alimwambia. "Una uvivu. Na uvivu una dawa."

Dawa ilikuwa juu ya kabati, imetengenezwa kwa mpira wa baiskeli.

Mama yake, mpishi wa hosteli, aliomba ruhusa kazini akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akamjaribu kwa kila namna, akasema mtoto ana macho ya mwewe. Mama akarudi nyumbani amechanganyikiwa zaidi.

"Kama si macho, basi ni kichwa," alisema.

"Kichwa kina nini?" Baba alidakia. Alikuwa dereva wa lori, mtu mrefu wa kujikunja. "Juzi kabureta imenisumbua barabarani, huyu kaifungua na kuirudisha, skrubu haikubaki hata moja. Kichwa gani kibovu kinaweza hivyo?"

"Sasa ni nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni dereva."

Aliyejua la kufanya alikuwa Dada. Alimpita miaka michache tu, na mtaani walimwita Redio, kwa kuwa alifunguka alfajiri na hakuzimwa mpaka alale. Angeweza kusimulia safari ya kwenda kisimani ikakushinda kuisahau. Siku moja alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba, kitabu cha sayansi magotini, machozi yakidondokea ukurasa.

"Lete hapa. Unakilowesha bure, hakioti hicho."

Akaketi, akasoma. Na Kinyume akagundua kwamba kitu kilekile kilichomgomea machoni kiliingia masikioni bila kubisha hodi. Alisikia mara moja akakirudia kizima. Dada akamtazama.

"Kumbe we mjanja! Mlango wa mbele umefungwa, wewe unapitia dirishani."

Kuanzia hapo alimsomea kila jioni. Lakini Dada alipomaliza shule ya msingi alipelekwa kujifunza ushonaji kwa jirani, kazi zikawa nyingi, na jioni akawa hana. Ndipo ilipokuja habari ya kanda. Baba alikuwa na redio ya kaseti aliyoinunua safarini, yenye kitufe chekundu cha kurekodia ambacho hakuna aliyewahi kukibonyeza. Dada alikibonyeza. Akaiweka redio juu ya meza ya cherehani, kitabu akakiegemeza kwenye bobini za nyuzi, na akawa anasoma huku anashona, mguu kwenye pedali. Kinyume akitoka shule anakuta masomo yake yameshasomwa, yanamngoja.

Kanda zile zilikuwa na mambo! Ndani yake cherehani ililia, kuku walifukuzwa, wateja walipimwa kiuno. Na Dada hakuweza kusoma kitu akakiacha kama alivyokikuta.

"Moyo una vyumba vinne," alisoma. Kisha akaongeza: "Vinne! Na sisi humu tumelundikana kwenye viwili. Huo moyo kodi yake analipa nani? Haya. Damu chafu huingia chumba cha juu kulia, halafu inashushwa cha chini, kama mpangaji aliyeshindwa kodi. Hiyo ya kodi ni yangu mimi, usije ukaiandika kwenye mtihani."

Au: "Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini. Mwangalie Baba anavyojikunja kuingia kwenye lori utaelewa. Ngoja, Mama ananiita. Abee! ... Nimerudi. Anauliza nani kaficha mwiko. Mimi sijauficha."

Kinyume alisikiliza akiwa amelala chali juu ya mkeka, anacheka peke yake. Katika mtihani, mwandiko wake ulikuwa ovyo na tahajia mbaya zaidi, lakini mambo yenyewe yalikuwepo, na michoro yake ilikuwa imenyooka kuliko ya kitabu. Alipita kwa kubanwabanwa mlangoni, darasa baada ya darasa, akamaliza sekondari, akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi wa viungo bandia. Siku ya kuondoka Dada alimfungia redio ya kaseti kwenye kitenge pamoja na kanda za mwanzo.

"Vitabu vyako nitumie kwa lori la Baba," alisema. "Vikija vinene vya kutisha, nitavisoma vivyo hivyo. Vinene navyo vinasomwa na watu."

Chuoni alilala bwenini na vijana wengine. Alisikilizia kanda zake kwa spika ndogo ya sikioni na kuwaambia wenzake kwamba anapenda muziki. Siku moja, mchana wa mapumziko, waya wa spika ile ulikatika bila yeye kujua, akabonyeza kitufe, na sauti ya Dada ikajaa bweni zima. Ilikuwa sura ya mifupa ya unyayo. Kabla hajaifikia redio, Dada alikuwa ameshaacha unyayo na kuhamia kwa jirani aliyenunua viatu vya mitumba, vyote vya mguu wa kushoto.

Bweni lilivunjika kwa kicheko. Kijana wa kitanda cha jirani, waliyemwita Meneja kwa sababu ya mashati yake, alijishika mbavu.

"Nani huyo? Mke wako?"

"Dada yangu."

"Anakusomea? Wewe hujui kusoma?"

Aliizima redio. Kwa wiki nzima, kila alipopita ukumbini, mtu alimwigiza Dada: lafudhi yake, miguno yake, hata ule mtindo wake wa kuvuta neno la mwisho. "Vyote vya kushotoooo!" Kinyume alihisi kama wamemvua Dada nguo mbele za watu, na aibu ile, badala ya kuwakasirikia wao, aliielekeza nyumbani.

Likizo ilipofika alimkuta Dada kwenye cherehani, kitabu kikiwa kimeegemezwa palepale, redio nyingine ya kuazima ikirekodi. Alinyoosha mkono akaizima.

"We Kinyume! Unakatiza watu kazini? Hebu njoo nikuone, umekonda, hicho chuo hakina jiko?"

"Dada, kuanzia sasa soma kilichoandikwa tu."

"Kwani mimi nasoma nini?"

"Unaongeza maneno yako. Hadithi, sijui viatu, sijui mwiko. Hiki ni chuo. Yananipotezea muda."

Mguu wa Dada ulikuwa juu ya pedali. Ukasimama. Alimtazama mdogo wake kwa muda, si kwa hasira, bali kama fundi anayeangalia nguo aliyoambiwa haikumkaa mtu, akitafuta alipokosea kukata.

"Yanakusumbua?"

"Yananisumbua."

"Haya," alisema Dada.

Basi. Hakuongeza neno. Kanda zilizokuja baada ya hapo zilikuwa safi. Alikuwa anafunga dirisha akirekodi, na cherehani aliisimamisha. Alisoma kichwa cha sura, aya, nukta, aya. Na kwa kuwa kanda zilikuwa chache na ghali, Kinyume alizirudisha kwa lori la Baba, naye Dada akarekodi masomo mapya juu ya yale ya zamani, mpaka vyumba vinne vya moyo na kodi yake vikafutika vyote, na jirani na viatu vyake, na Mama na mwiko.

Kinyume aliona masomo yamekuwa magumu. Sura moja ilimlazimu kuirudia tena na tena, na bado ilimteleza. Alijiambia ndivyo chuo kilivyo, kadiri unavyopanda ndivyo mlima unavyozidi kusimama.

Aliyemwokoa mwaka ule alikuwa mwalimu wa anatomia, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyegundua kwamba kijana anayejibu kila swali darasani ndiye yule yule anayerudisha karatasi za aibu. Alimwita ofisini.

"Hujui kusoma?"

"Najua, Mwalimu. Nikipewa siku nzima. Maneno hayatulii."

Mwalimu yule akamwambia hali hiyo ina jina, inaitwa disleksia, watu huzaliwa nayo, na kwamba haina undugu na uvivu wala ujinga. Akampigania kwenye baraza la chuo mpaka akaruhusiwa kufanya mitihani kwa mdomo. Kinyume alitoka ofisini kwake akaenda nyuma ya maktaba akalia, mwanamume mzima, kwa ajili ya mtoto aliyesimama na kitabu wakati wenzake wako mapumzikoni.

Aliwapelekea habari nyumbani. Baba alipiga meza: "Si nilisema kichwa kizima!" Mama alimshika uso. Dada, kutoka kwenye cherehani, alisema, "Kumbe lina jina," akaendelea kushona. Zamani jambo kama lile angelizungusha mtaa mzima mpaka jioni. Kinyume alilihisi, kama unavyohisi ngazi imepungua kidato gizani, lakini alikuwa na furaha nyingi siku ile na hakusimama kuangalia.

Mambo yalimwendea vizuri. Alihitimu, akaajiriwa, akarudi kusomea shahada, akaanza kufundisha chuoni. Mguu wa kwanza aliouunda ulikuwa wa mama mmoja muuza mboga. Mama yule aliutembelea kutoka mlangoni mpaka dirishani, akageuka, akamwambia, "Huu haunijui bado, lakini tutazoeana." Siku ya mahafali ya shahada Dada alikuja amevaa gauni alilolishona mwenyewe, akakaa viti vya nyuma. Walimu wenzake walipomuuliza, Kinyume alisema, "Huyu dada yangu, fundi cherehani." Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kidogo mno, na aliiona ikipita usoni kwa Dada kama kivuli cha ndege. Siku ile ndipo kwa mara ya kwanza Dada alimwita Mwalimu.

"Hongera, Mwalimu."

"Mwalimu gani, Dada! Mimi Kinyume."

"Kinyume alikuwa mtoto," alisema Dada akitabasamu.

Miaka ikaenda hivyo. Wazazi walifariki, watoto wakakua, simu zikajifunza kusoma. Angeweza kuzeeka bila kuelewa alichokifanya, kama si mkutano wa wataalamu aliohudhuria mwaka jana. Wakati wa chai alishikwa bega. Alikuwa Meneja, sasa ana kitambi na mvi.

"Dada yako yupo?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Yupo. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka! Mimi mpaka leo nikifundisha mzunguko wa damu nasema mpangaji kashindwa kodi, kashushwa chini. Wanafunzi hawasahau. Sisi siku ulipokuwa haupo bwenini tulikuwa tunaiiba ile redio yako, tunasikiliza. Kisha ghafla zikaja zile kanda kavu, kama taarifa ya habari. Tukasema, masikini, dada wa watu atakuwa kaolewa."

Kinyume alishika kikombe kikapoa. Alijaribu kukumbuka sura hata moja kutoka kwenye kanda zile safi, neno kwa neno, kama alivyokuwa akikumbuka. Hakupata. Yote aliyoyajua bila kuyatafuta, moyo, paja, unyayo, yalikuwa na sauti ya Dada ikitoka nje ya kitabu. Kumbe pale alipodhani anapotezewa muda ndipo alipokuwa anasoma.

Jumamosi iliyofuata alikwenda. Duka la Dada ni chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani dirishani, nguo za wateja kwenye kamba, kioo kirefu kilichopasuka kona. Dada alisimama, akafuta kiti kwa kanga.

"Karibu, Mwalimu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Dada, nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini tena?"

Akamweleza: siku ile ya likizo, redio, maneno aliyoyasema. Dada alisikiliza, sindano ikiwa katikati ya midomo. Akaitoa.

"Mambo ya utotoni hayo. Na ulisema kweli. Nilikuwa na domo. Ningeendelea, ungefeli."

"Nilikaribia kufeli uliponyamaza!" Akamsimulia ya Meneja, ya mpangaji na kodi. Alitegemea atacheka. Dada alitikisa kichwa kidogo, kwa huruma.

"Wewe una moyo mzuri. Unataka kunifurahisha."

"Sikudanganyi, Dada."

"Ulipita kwa sababu una akili, Mwalimu. Mimi nilikuwa nasoma tu."

Hapo ndipo alipoelewa kimo cha ukuta. Miaka yote ile Dada hakuwa amenuna. Alikuwa ameamini. Alichukua yale aliyoambiwa na mdogo wake msomi, akayahesabu kuwa ukweli juu yake mwenyewe, akamwondolea mzigo wa maneno yake. Kununa kungekuwa afadhali, kwani aliyenuna hubembelezwa.

"Basi nipigie soga," alisema. "Kama zamani. Chochote."

Dada alifungua mdomo. Kwa kweli alijaribu, akatazama barabarani kutafuta kitu, akatazama nguo kwenye kamba. Kisha akakunja kanga yake magotini.

"Niambie unataka kujua nini, nitakuambia."

Mlango ulisukumwa, akaingia mteja, jirani wa duka la pili, na gauni mkononi. Kabla hajafika kwenye kioo Dada alikuwa ameshamrukia: "We mwanamke, hilo gauni umelivaa au umepigana nalo? Nilikupimia kiuno, leo umekuja na kingine, cha kwanza umekiacha wapi?" Jirani akajibu, Dada akamkata, habari ikazaa habari, ikapita kwa mume wa mtu na bomba la maji na mbuzi wa mwenye nyumba. Kinyume alikaa kwenye kiti chake kilichofutwa, hathubutu hata kukohoa, akinywa sauti ile kwa masikio yote mawili. Ilikuwa haijazeeka hata kidogo.

Kisha Dada akamkumbuka. Akashusha sauti.

"Samahani, Mwalimu, tumekupigia kelele."

"Endeleeni, tafadhali."

Hawakuendelea. Jirani aliacha gauni, akaaga kwa heshima. Kinyume alitazama mikono yake, akawaza kwamba katika maisha yao yote Dada ndiye aliyesimulia, na yeye hakuwahi hata siku moja kumletea hadithi. Akakohoa. Akaanza kumweleza habari za mzee mmoja aliyekuja karakanani wiki ile, akadai mguu wake bandia unamuuma vidole. Alisimulia vibaya. Alitanguliza mwisho, akarudi nyuma, akasahau kusema kwamba mzee alikuja na mke wake, na mke ndiye aliyesema lenye kuchekesha. Jasho lilimtoka, kama siku zile za kusimama na kitabu.

Alipofika mwisho alimtazama Dada usoni.

Dada alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha adabu, cha kupewa mgeni.